Transmita ndogo ya FM ya bei poa: ipi ununue, ipi uachane nayo

Mtu akitaka transmita swali la kwanza ni "ina wati ngapi?", hapo ndo wengi wanapigwa. Ukiongeza wati mara nne, mawimbi yanayofika kwenye redio yanapata nguvu mara mbili tu, wakati antena ukiitoa chumbani ukaipandisha juu ya paa tofauti unaisikia hapohapo, na wati ni zilezile.

Namba moja kwangu ni kiboksi cha chuma chenye PLL, nguvu unayoweza kuishusha mpaka chini ya wati 1, na antena ya kuchomoa. PLL ndo inashikilia masafa, ukiweka 98.3 inabaki 98.3 asubuhi mpaka usiku. Ila uliza kama ina filta, maana bila filta ukirusha kwenye 100 MHz unatokea na 200 pia, na kitu kichafu kikivuka 108 tu umeingia kwa marubani, hapo sio utani tena.

Namba mbili bodi tupu yenye PLL. Ni poa kama unajua kushika solda, lakini boksi, adapta na filta unanunua pembeni, ukijumlisha unakuta ungechukua tu kile kiboksi.

Tatu ni vile vya kuchomeka kwenye gari. Kusikiliza simu garini sawa, ukumbi mzima hapana.

Mkiani kabisa zile za transista moja za kuvuta koili. Nilikuwa nayo, ukipitisha mkono karibu steshoni inahama, jua likipanda naanza kuisaka upya kwenye redio. Hata ya bure usichukue.

Kuna kaswichi ka 50 na 75 (ni mikrosekunde, kanapanga sauti nyembamba zinyanyuliwe kiasi gani kabla ya kurushwa) watu hawakaangalii: Marekani ni 75, Ulaya na Afrika 50, ukikosea sauti inakuwa kali inachoma masikio au inafubaa kama mtu anaongelea ndani ya blanketi.

Leseni ulizia kabla hujatoa hela, nchi nyingi hata wati 1 inaitaka.

Halafu usiwashe kabla hujafunga antena, hata kwa kujaribu tu! Nguvu inakosa pa kutokea, inarudi kuunguza transista ya mwisho. Mimi niliwasha "nione tu kama taa inawaka", taa ikawaka kweli, kidogo nikasikia harufu ya plastiki. Na antena yenyewe niliyokuwa naikwepa, kwa 100 MHz, ni waya wa sentimita 75 tu.