Daftari la maombi lenye visanduku vya "Ndiyo" na "Hapana": zuri, ila kaa na rula karibu

Kwa utengenezaji sina neno. Karatasi ni nzito, wino hautokei upande wa pili, na kurasa zimeshonwa kwa uzi, si gundi tupu, kwa hiyo daftari linalala wazi mezani bila kulikandamiza. Mimi ni fundi cherehani, mshono naukagua kabla sijasoma hata neno moja.

Kila siku ina ukurasa wake. Juu kuna mstari wa Biblia, katikati mistari mitano chini ya kichwa "Mahitaji ya leo", halafu sehemu ya jibu. Wapo watakaosema mitano haitoshi. Mimi ndiyo niliyolipendea daftari hili. Ukishaandika kodi, dawa ya mama na ada, nafasi imekwisha, na wasiwasi wa mwezi ujao hauna pa kukaa. Bwana alifundisha tuseme "Utupe leo riziki yetu", na kule jangwani, Kutoka 16, watu waliambiwa waokote mana ya siku tu. Waliobakiza hadi asubuhi waliikuta imeota mabuu na inanuka. Aliyelipanga daftari bila shaka sura hiyo anaijua.

Halafu halikufanyi uone haya kuomba vitu vidogo. Nililokuwa nalo zamani lilikuwa na vichwa vya Taifa, Kanisa, Uamsho. Nauli ungeiandika wapi? Humu nimeandika "sindano namba 14" na roho yangu imetulia kabisa.

Shida inaanzia kwenye jibu. Kuna visanduku viwili, "Ndiyo" na "Hapana", na juu yake mstari usemao "Natarajia jibu kufikia tarehe". Hiyo sasa ni oda, si sala. Mteja ana haki ya kunipangia tarehe, mimi Mungu simpangii. Kuna wiki mota ya cherehani iliungua na gauni la harusi halijawekwa hata mikono. Nikaandika naomba hela ya mota. Hela haikuja. Jioni bibi harusi akapiga simu, kwa sauti ya woga, akiuliza kama nitakasirika wakisogeza siku mbele, maana ndugu wa bwana harusi wamekwama safarini. Mimi nikasirike! Sasa tiki naiweka wapi? Si ndiyo, si hapana. Nikaandika pembeni kwa herufi ndogo: "Muda umepatikana, hela bado." Ile mistari ya tarehe nimeikata yote kwa rula.

La pili ni shukrani. Wafilipi 4:6 imechapwa kwenye jalada la ndani bila yale maneno "pamoja na kushukuru", na pa kushukuru hapaonekani mpaka mwisho wa mwezi. Ni pengo kubwa kwa daftari la namna hii. George Müller, aliyeanza kulea yatima Bristol mwaka 1836 bila kumwomba mtu mchango, alikuwa akiandika vilivyoletwa mpaka sahani, vikombe na visu. Kumbukumbu ya namna hiyo ndiyo unayoifungua siku kabati liko tupu. Kwa sasa nageuza ukurasa wa nyuma naandikia huko.

Kwa anayeanza kuomba, au anayejua kuombea wengine lakini anaona vibaya kujiombea, linafaa. Mtu anayeuguza mgonjwa wa muda mrefu sitampa. Kutia alama kwenye "Hapana" kila usiku ni kumtonesha kidonda. Heri apate daftari la kawaida lisilo na chochote ndani, aandike anavyoweza, na siku asiyoweza aliache.

Nyota tatu kati ya tano. Utepe wa kuwekea alama unafumuka nchani, uchome kidogo kwa kiberiti kabla hujaanza kulitumia.