Tathmini: picha ya "The Flatiron" ya Edward Steichen, Makumbusho ya Metropolitan, New York

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo wapiga picha wengi waliodai kwamba kamera inaweza kuzaa sanaa yenye hadhi sawa na mchoro wa brashi, lakini wachache walilitetea dai hilo kwa ushahidi mzito kama Edward Steichen, mzaliwa wa Luxembourg aliyekulia Marekani, alipolipiga picha jengo la Flatiron, ghorofa refu la New York, mwaka 1904. Makumbusho ya Metropolitan yanahifadhi nakala tatu za picha hiyo, zote zikitokana na negativi moja (picha ya kinyume ambayo nakala huchapwa kutoka kwake) na zote zikiwa zawadi ya mpiga picha mwenzake, Alfred Stieglitz, ya mwaka 1933. Kwa maoni yangu thamani yake haijulikani vizuri mpaka zitazamwe kwa pamoja, kama zilivyotundikwa katika maonyesho yaliyofunguliwa humo mwaka 2010.

Steichen alianza na nakala ya platini, yaani iliyochapwa kwa madini hayo badala ya fedha, ambayo peke yake hutoa weusi laini na kijivu cha viwango vingi, kisha akapaka juu yake, tabaka juu ya tabaka, gundi ya mgunga iliyochanganywa na rangi na chumvi ya bikromati, ambayo huifanya gundi iathiriwe na mwanga. Mwanga unapopenya kwenye negativi huigandisha gundi hiyo, na pale usipofika gundi huyeyuka ikaondoka na maji. Kila tabaka lilipaswa kukaa sawasawa juu ya lililotangulia, kwenye karatasi yenye urefu wa karibu sentimita 48, na mkono ukiteleza kidogo tu kazi yote imeharibika. Na kwa kuwa rangi ilipakwa kwa mkono kwenye kila nakala, nakala hizi hazifanani rangi. Ile iliyochapwa mwaka 1909, ambayo ndiyo niipendayo, ina bluu inayoelekea kijani, kama anga baada ya jua kuzama na kabla giza halijashika.

Uzuri wake mkubwa uko chini ya picha. Jengo lenyewe, lililokamilika mwaka 1902, limefifia katika utusitusi na kilele chake kimekatwa na ukingo, lakini barabara iliyolowa inameremeta kwa mwanga wa taa, na mbele yake wanaonekana waendesha magari ya farasi, kama vivuli vyeusi tii, na kofia zao ndefu. Tawi lisilo na majani linalokatiza juu limetoka moja kwa moja katika mtindo wa michoro ya Kijapani ya vibao vya mbao, iliyopendwa sana wakati huo. Wapo watakaoona ni kuiga, nami sikatai, ila bila tawi hilo jengo lingeelea. Stieglitz alikuwa amelipiga jengo hilohilo katika theluji mwaka 1903, na picha yake, pamoja na usafi wake wote, inapwaya ikilinganishwa na hii.

Kadi za posta na skrini haziitendei haki, kwa sababu huifanya gundi ionekane kama rangi bapa. Anayekusudia kwenda aulize kwanza, kwani picha za aina hii huathiriwa na mwanga na hutundikwa kwa zamu.