Vikao vya video ukiwa nyumbani Dar: ununue nini kwanza

Ukifika Kariakoo kutafuta vifaa vya vikao, muuzaji ataanza kukuonyesha kamera. Anza na sauti. Wenzako watavumilia sura yenye ukungu saa nzima, lakini sauti inayokatikakatika itawashinda mapema.

1. Hedifoni zenye maiki ya kijiti kinachofika karibu na mdomo. Chukua za USB. Za pini zina mtego: laptopu nyingi za sasa zina tundu moja la sauti, kwa hiyo zenye pini mbili hazitaingia bila kiunganishi. Zenye pini moja, hesabu mistari ya plastiki kwenye pini: mitatu ndiyo yenye maiki, miwili ni za kusikilizia tu. Za Bluetooth nyingi hushuka ubora mara maiki inapowashwa. Jirekodi dukani kwa laptopu yako, sikiliza, ndipo ulipe. Ukiwa kwenye kikao, maiki ikae pembeni ya mdomo, na feni isikupulizie usoni. Ule mvumo wanaoulalamikia wenzako mara nyingi unatoka hapo.

2. UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta, kile kifaa kinachokupa intaneti. Umeme ukikatika laptopu inaendelea, ruta inazima, nawe unatoweka ukiwa katikati ya hoja. Soma kibandiko chini ya ruta: nyingi ni volti 12, nyingine 9. UPS itoe volti zilezile na ampea zisizopungua zile za kwenye kibandiko. Pini za milimita 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5 zinafanana kwa macho, ila ya kwanza haiingii kwenye tundu la ya pili, na ya pili hulegea kwenye tundu la ya kwanza. "8,800 mAh" ya kwenye boksi huhesabiwa kwa betri ya volti 3.7, sawa na saa-wati 32 hivi: ruta ya wati 8 ingekaa saa nne kwa hesabu, lakini nyingine hupotea njiani, kwa hiyo tegemea kama saa tatu. Wenye faiba, kumbukeni na kile kiboksi cha ukutani kinahitaji umeme.

3. Stendi ya simu. Kamera ya simu mara nyingi huishinda ya laptopu. Ukiingia kikaoni kwa vyote viwili, zima maiki na spika za kimoja, la sivyo mwangwi.

4. Kamera ya USB. Ubora wa picha wa 720p unatosha.

5. Taa ya duara. Geukia dirisha kwanza, ni bure.

Programu usikimbilie kulipia. Zoom ya bure hukata kikao dakika ya 40, Google Meet ya bure dakika ya 60 mkiwa watatu au zaidi. Kwa bando la simu, saa moja ya 720p inaweza kula karibu GB 1. Kuokoa bando, ile taarifa fupi ya kazi ya kila asubuhi irekodi klipu, itume kwenye kundi la wenzako.