Pribayotiki kwa kuku wa nyama: nilichokiona bandani kwangu Mlandizi

Kwa miaka mitatu nilikuwa nawawekea vifaranga antibayotiki kwenye maji tangu siku ya kwanza, "kuwakinga" tu, kama wafanyavyo wafugaji wengi huku kwetu. Daktari wa mifugo akaniuliza swali moja: wanaumwa nini? Sikuwa na jibu. Ulaya walishapiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu 2006, mimi bado namimina.

Ndipo nikanunua pribayotiki, unga wa kahawia hafifu unaonuka hamira, kwa sababu umetokana na ukuta wa seli za hamira. Wengi huuchanganya na probayotiki. Probayotiki ni bakteria wenyewe walio hai. Huu wangu hauna kilicho hai: bakteria wabaya kama E. coli na Salmonella hujishika kwenye sukari zake badala ya kushika utumbo, wakatoka na kinyesi.

Awamu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilipima kwa kijiko, nikamwaga juu ya mfuko na kugeuza kwa koleo mara mbili tatu. Gramu 50 kwenye kilo 50 za chakula hazienei hivyo. Sasa napima kwa mizani ya jikoni, nachanganya kwanza na kilo moja ya chakula kwenye beseni, kisha kilo tano, ndipo namalizia mfuko mzima.

Awamu ya pili nililigawa banda kwa wavu, vifaranga 150 kila upande, chakula kilekile, chanjo zilezile. Tofauti niliiona kwanza kwenye maranda niliyotandika sakafuni, hata kabla ya mizani. Wiki ya tatu nilifumbata maranda ya upande wa unga, nikafungua kiganja, yakamwagika. Ya upande wa pili yakabaki donge kwa unyevu. Harufu ya kuchoma macho asubuhi ilipungua pia, na vifaranga waliogandiwa na kinyesi nyuma walikuwa wachache mno.

Uzito? Siku ya 33 upande wa unga ulifikia uzito ambao wenzao waliufikia siku ya 35. Mnunuzi wangu hununua kwa kichwa, hapimi kilo, kwa hiyo faida yangu haikuwa kwenye bei. Ilikuwa siku mbili za chakula, na kuku wa umri huo anakula si mchezo. Unga wenyewe haukufika nusu kilo kwa mifuko tisa.

Kwenye vifo sitaapa. Upande wa unga walikufa wachache, lakini awamu moja haitoshi kuthibitisha.

Muuzaji aliniambia nikiutumia huu sihitaji kuhangaika na chanjo. Usimsikilize mtu wa namna hiyo. Kideri na Gumboro ni virusi, havina habari na hamira. Hata kuhara damu kulinipata: mvua ya masika ilipenya pembeni ya turubai, maranda yakalowa, na pande zote mbili zikaugua. Ilibidi ninunue amprolium, dawa ya kuhara huko, kama kawaida.

Awamu ijayo nitautumia wiki tatu za mwanzo tu, wakati wa stata, yaani chakula cha kuanzia, nione kama zile siku mbili zitabaki. Na nitanunua mfuko mpya, maana nusu iliyobaki niliifunga kwa kamba tu stoo, imeganda kama sukari guru.