Darubini ya mashua: kwa nini siitaki yenye gurudumu katikati

Watazamaji wapenzi, karibuni. Wengi mlioniandikia mko hapa Nairobi, mnatweka tanga Naivasha au mnashuka Kilifi mwisho wa juma, nanyi mmeuliza ni darubini ipi itakayostahimili chumvi. Sifa za 7x50, yaani inayokuza mara 7 na yenye lenzi za mbele za kipenyo cha milimita 50, mnazijua, hivyo ninaziruka, ila anayewashawishi mchukue ya kukuza mara 12 hajasimama kwenye mashua inayokwenda mrama, kwa sababu mtikisiko wa mkono nao hukuzwa mara hizo hizo.

Niko juu ya paa ili niwaonyeshe kitu kimoja ninachokipenda mno. Tazameni hapa katikati: hakuna gurudumu la kurekebisha picha ionekane wazi, bali kila jicho la darubini, pale unapochungulia, lina pete yake. Ninafumba jicho langu la kulia, ninazungusha pete ya kushoto mpaka kingo za jengo la KICC zionekane wazi, kisha ninafanya vivyo hivyo upande wa pili. Baada ya hapo sigusi kitu. Ninageuka kuelekea Ngong, na ile mitambo ya upepo vilimani inaonekana vizuri. Ninarudi KICC, bado ni safi, kwa kuwa tofauti ndogo iliyobaki jicho langu lenyewe huimaliza. Kunguru aliyetua kwenye ukuta huu wa jirani, ndiyo, ananitoka ukungu mtupu, na mpenzi wa ndege atachukia; lakini baharini boya, meli na ufuo vyote viko mbali. Pete hizi wekeni alama kwa rangi ya kucha, ili mwenzako akizichezea uzirudishe gizani bila kubahatisha.

Uimara unatoka hapo hapo. Gurudumu la katikati husogeza macho yote mawili ya darubini kwa pamoja, na penye mwendo wa namna hiyo chumvi na mchanga hupata upenyo, ilhali pete moja moja ni rahisi kuizibia kwa mpira na kuibakiza ndani gesi kavu ya nitrojeni inayozuia lenzi zisishike ukungu.

Kinachoniudhi ni dira ya ndani, ile inayojengewa ndani ya darubini ili uone mwelekeo unapochungulia. Iliyosawazishwa kwa ajili ya nchi za kaskazini huinama ikifika kwetu, kusini mwa ikweta, na kadi yake, yaani kisahani kinachozunguka chenye alama za mwelekeo, huweza kukwama. Muuzaji mmoja wa mjini aliniapia kwamba dira ni dira. Mwulizeni wa kwenu imetengenezwa kwa ukanda upi, na akibabaika, nunueni isiyo na dira. Hapo, kwa shingo upande, ninaisifu Nikon OceanPro 7x50 yenye dira ya kutumika dunia nzima, ingawa ina gurudumu lile lile nililolilaumu sasa hivi.

Kuhusu bei, darubini ya Steiner Commander huvuka shilingi laki moja, na Fujinon FMTRC-SX haiko mbali nayo. Mimi ningeanza na Bushnell Marine, yenye pete mbili na bei ya chini sana, kisha ninunue mkanda unaoelea, maana darubini nyingi za aina hii huzama. Mkirudi nchi kavu, isuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuifuta, la sivyo chembe za chumvi zitakwaruza lenzi. Zile zinazotuliza picha kwa betri, ambazo wengi mmeziomba, zitakuwa na kipindi chake.