Tangazo la kubeti ndani ya simfoni ya Florence Price

Nilikusudia kuandika juu ya Simfoni Na. 1, kazi ndefu ya okestra ya mtunzi Mmarekani mweusi Florence Price, tu, lakini siwezi kuieleza bila kuanza na tangazo la kubeti lililonivamia masikioni usiku mmoja, wiki chache zilizopita, ilhali programu ninayosikilizia muziki nilikwisha kuilipia mwezi mzima ili nisisikie tangazo lolote.

Lilinikuta pabaya. Sehemu ya pili ya simfoni hii ni ibada: matarumbeta na matromboni yanaimba kama kwaya ya wazee inayoimba tenzi, polepole, na katikati ya beti ngoma inajibu kwa chini sana, hata inakubidi uzuie pumzi ili uisikie. Kuelekea mwisho zinaingia kengele za kanisa, klarineti zikizizunguka. Nilikuwa nimefumba macho. Muziki ukanyamaza, na kabla sijashusha pumzi kijana akanifokea kwamba mkeka wangu wa leo uko tayari, kwa sauti iliyoishinda okestra nzima.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja, wakanijibu nizime simu na kuiwasha tena. Nilipowaeleza mara ya pili kwamba fedha zangu zimekatwa na ujumbe wa malipo ninao, yule aliyenijibu akauliza: kwani wimbo si uliendelea baada ya tangazo? Swali hilo linaniuma hadi leo. Uliendelea, ndiyo, lakini kinachofuata baada ya kengele zile ni sehemu ya tatu, Juba, dansi ya watumwa wa Marekani walionyang'anywa ngoma wakageuza mapaja, vifua na viganja vyao kuwa ngoma, na ule ukimya mfupi ndio unaokuvusha kutoka kanisani hadi uwanjani. Mimi nilivushwa na mkeka.

Okestra ya Simfoni ya Chicago ilipoipiga kazi hii mwaka 1933, ilikuwa mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfoni ya mwanamke mweusi. Hata hivyo, baada ya Price kufariki mwaka 1953, maandishi yake mengi yalibaki katika nyumba iliyotelekezwa huko Illinois hadi yalipookotwa mwaka 2009. Mtu aliyengoja kiasi hicho kusikilizwa, leo tena anakatizwa?

Usiku ule, kwa hasira, niliandika daftarini kwamba sehemu ya kwanza ni ndefu na inamfuata mno Dvořák, mtunzi wa Kicheki. Juzi nimeisikiliza upya kwenye diski niliyoazimwa na rafiki. Urefu bado nauona, ingawa si kwa ukali ule. La Dvořák nalifuta kabisa, kwa kuwa yeye alizipenda nyimbo za watu weusi akiwa mgeni Marekani, na Price alikuwa kwao. Kengele zilipokwisha, diski ilikaa kimya kwa sekunde chache, kisha fidla zikaingia na Juba, na mguu wangu ukaanza wenyewe kupiga sakafu. Malipo ya mwezi ujao sitayatoa.