Shinyrecap: mahesabu mazuri, ila namba za maskani lazima ziwe safi

Kwa timu inayokadiria idadi ya watu wanaojidunga dawa za kulevya kwa kugawa vitu vya alama kama bangili, kisha kurudi kuona wangapi walishapewa, Shinyrecap ya Ian Fellows ni programu ya kuwa nayo. Ni ya bure, inaendeshwa ndani ya R, programu ya takwimu: andika launchShinyPopSize(), kivinjari kinafunguka, mengine ni kubofya.

Inataka jedwali la 0 (hakufikiwa) na 1 (alifikiwa): safu wima moja kwa kila mzunguko wa kugawa vitu vya alama, ya mwisho idadi ya watu. Mizunguko mitatu inatoa mistari saba. Wa nane, 000, ndio tunaoutafuta: wale ambao hamkuwafikia hata mara moja. Pakia jumla tu. Majina na namba za simu zisikaribie faili hilo.

Makosa makubwa huanzia maskani. Tuseme waelimishaji rika wamegawa bangili 400, mzunguko wa pili wakakutana na watu 350, na 70 kati yao walishapewa. 400 × 350 ÷ 70 ni 2,000. Wakisahau au wakakana watu 14 tu, wanabaki 56 na jibu linaruka hadi 2,500! Hakuna programu ya kuligundua hilo. Muulizwaji aoneshwe picha ya bangili ikiwa katikati ya nyingine ambazo hazikugawiwa, aseme ipi ni yake na alipewa wapi. Kosa la pili ni kurudi kwa watu walewale wa vijiwe vilevile: wanaojirudia wanazidi, makadirio yanashuka.

Kwa utegemezi wa namna hiyo, yaani kufikiwa mzunguko mmoja kukibadili uwezekano wa kufikiwa mwingine, sehemu bora ya Shinyrecap ni ile ya Bayesi inayopima modeli nyingi na kuzipa uzito, badala ya kukulazimisha kuchagua moja. Inahitaji orodha, yaani mizunguko, 3 hadi 5. Sehemu ya modeli za logi-linea itumiwe kwa tahadhari: modeli mbili zinaweza kukaribiana kwa AIC (alama ya kulinganisha ubora wa modeli) huku makadirio yao yakipishana mno, na Mh ya Gamma, mojawapo ya modeli zinazoruhusu watu kutofautiana kwa urahisi wa kufikiwa, ina tabia ya kupaa. Ile ya matabaka fiche, inayogawa watu katika makundi yasiyoonekana kwenye data, inachukua muda. Mchoro wa minyororo (mfuatano wa sampuli ambazo programu inazichota) ukionekana unayumba, ongeza sampuli kabla ya kuamini chochote.

Mkiwa na mizunguko miwili tu, msihangaike kuisakinisha. Kikokotoo cha simu na fomula ya Chapman vinatosha: 401 × 351 ÷ 71, toa 1, karibu 1,981.